Siku Hodan Alipofaulu Kupita Kiasi

Waliokuwepo siku ile ni hawa, nawataja ili mtu asije akasema mama mzee anatunga: mimi mwenyewe, Fatuma Gure, ambaye watu wa mtaa wetu wa Bula Iftin wananiita Ayeeyo, yaani nyanya, binti yangu Zeinab, aliyejifunika uso kwa shela tangu mwanzo mpaka mwisho, mjukuu wangu Hodan, mtoto wa Zeinab, wakati huo ana miaka saba, Halima Dekow, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ambaye kaka yake amemwoa binti ya mjomba wangu (kwa hiyo hata tukigombana sina pa kumkimbilia), Mwalimu Abdinoor, ambaye baba yake na mimi babu yetu ni mmoja, fundi Musyoka, seremala wa kutoka Kitui, aliyekuja kuangalia tu, na Mwalimu Nafula, dada mwembamba wa chuo kikuu huko Nairobi, ambaye ndiye aliyeleta jambo lenyewe. Wazazi wengine walikuwa kama ishirini, majina yao ninayo yote, lakini nikiyaandika karatasi itaisha kabla sijafika kwenye aibu.

Na aibu ilikuwa yangu, niseme mapema. Nilijivunjia heshima mbele ya watu wote hao, kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa kelele, na aliyeniingiza humo hakuwa shetani wala jirani, ni dirisha moja la shule ambalo nilichungulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua kubwa iliyokata barabara tukakaa mjini Garissa bila sukari. Hodan wetu alikuwa hasemi. Sauti alikuwa nayo, majirani wote waliijua, lakini neno halikutoka, na hakumtazama mtu usoni. Alipenda kupanga vitu: vifuniko, mawe, viatu vya wageni mlangoni, anavipanga mstari mmoja ulionyooka kuliko barabara ya serikali, na ukisogeza kiatu kimoja umejitafutia mwenyewe. Kelele ikimzidi, labda punda wa mkokoteni wa maji ameanza kulia, basi na yeye analia na kujigonga kichwa ukutani. Watu walisema ni jini, wengine wakasema ni jicho baya, tukamsomea Kurani, tukampeleka hospitali, na kila tulipokwenda tuliambiwa tuwe na subira. (Subira tulikuwa nayo tele. Tulichokosa ni mtu wa kukaa na mtoto wakati Zeinab yuko sokoni anauza nguo na mimi niko pale pale nauza maziwa.)

Na muda ulikuwa unatuishia. Baba yake Hodan, Ibrahim, alikuwa na ngamia wake upande wa Hadado, na mke wa pili huko huko, na alituma maneno kwa dereva wa lori: kama mji wenu hauna shule ya kumpokea mtoto huyu, mwezi ukiisha nakuja kumchukua akae na sisi. Ibrahim hakuwa mtu mbaya, wallahi, alidhani anatusaidia. Lakini mimi nimezaliwa porini karibu na Sangailu, najua mtoto wa namna hiyo anaishije kambi ikihama: anafungwa juu ya ngamia pamoja na mikeka, na kambi ikitua anafungwa kwenye mti, maana kila mtu ana kazi. Zeinab aliposikia maneno ya dereva aliacha kula.

Ndipo Mwalimu Abdinoor akaja nyumbani.

"Eddo," akasema (ananiita eddo, shangazi), "kuna mwalimu mgeni anafanya utafiti juu ya watoto ambao akili yao imechelewa kukua, na wale ambao moyo wao unavurugika haraka. Shule yetu itawafungulia darasa lao. Mleteni Hodan apimwe."

"Watachukua wangapi?"

"Kumi tu, eddo. Na walioandikishwa wameshapita ishirini."

Hiyo kumi tu ndiyo iliyoniharibu kichwa. Mimi shule niliyosoma ni ya gumbaru, alasiri mbili kwa wiki, herufi nimezijua nikiwa tayari na wajukuu, lakini mtihani naujua. Mwanangu Dahir alipomaliza shule ya msingi tulikwenda kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani, nikafuata majina kwa kidole kutoka juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu, jina lake hakuna, na hiyo ikawa mwisho wa shule yake. Kwa hiyo nikisikia watoto ishirini, nafasi kumi, na mgeni wa Nairobi mwenye karatasi, mimi naelewa jambo moja tu: Hodan lazima afaulu.

Jumatatu wakaanza kuwapima wale wa kwanza. Zamu ya Hodan ilikuwa wiki iliyofuata, lakini mimi nilikwenda siku hiyo hiyo na kibuyu cha maziwa ya ngamia kwa ajili ya mgeni, kwa sababu mgeni hakaribishwi kwa maneno makavu. (Aliyanywa. Maziwa yetu yana harufu ya moshi kwa sababu kibuyu tunakisafisha kwa kijinga cha moto, na nilimwona anameza huku anahesabu kimoyomoyo, lakini aliyamaliza, na tangu hapo nikampenda.) Nilipotoka ningeenda zangu sokoni. Sikwenda. Nilizunguka nyuma ya darasa nikaweka jicho dirishani.

Mle ndani alikuwamo Yussuf, mtoto wa Halima. Mezani kulikuwa na vipande kumi vya mbao vya kujengea mnara, kijiti kimoja chenye pete tano za kupanga kutoka kubwa mpaka ndogo, na picha nne, mtoto aonyeshe ipi ni kikombe. Yussuf alichukua kipande kimoja akakirusha ukutani, akakitafuna cha pili, halafu akaingia chini ya meza akakaa huko. Mwalimu Nafula akaandika, akaandika tena. Nikasema moyoni, maskini Halima, mtoto wake ameanguka.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Musyoka.

"Fundi, nitengenezee vipande kumi vya mbao, hivi, na kijiti, na pete tano."

"Mama, hii ni ya nini? Ni mchezo?"

"Ni shule."

"Shule ya mbao?"

"Wewe piga randa, maswali weka."

Tulielewana nimpe maziwa kila asubuhi kwa wiki moja, na jioni vyote vilikuwa tayari, laini kama sabuni. Zeinab alipoviona akashika kichwa. "Hooyo, mama yangu, mwalimu alisema wanataka kumwona Hodan alivyo."

"Alivyo tunajua sisi," nikamjibu. "Wao waone anavyoweza kuwa."

Siku mbili za kwanza niliambulia makofi na kuumwa kidole. Nikimwekea kipande mbele yake anakitupa, nikimshika mkono anapiga kelele, nikimwita jina ananigeuzia uso. Siku ya tatu nimekaa chini nimechoka, nikamkumbuka ngamia mmoja wa baba yangu, jike lililofiwa na ndama. Ngamia kama huyo humwendei kwa mbele. Ukimtazama usoni anakimbia au anakupiga teke. Unakwenda ukampa mgongo, unakaa karibu naye kama vile hapo umekuja kwa shughuli zako, unaimba kwa chini ule wimbo wa kunyweshea kisimani, na unasubiri yeye mwenyewe asogee. Basi nikampa Hodan mgongo. Nikaimba. Baada ya muda nikasikia mgongo mdogo unaegemea wangu. Nikapitisha kipande cha mbao kwa ubavuni bila kugeuka, kikachukuliwa. Nikapitisha cha pili.

Siku ya sita akajenga mnara wa vipande vyote kumi, na pete akazipanga, na kikombe akakionyesha (picha niliichora mimi kwa mkaa juu ya karatasi ya katoni, na kilifanana na punda aliyelala, lakini yeye alikitambua). Nililia, sitaficha.

Siku ya mtihani nilimvisha gauni la Idi na soksi ndefu mpaka magotini, kwa joto lile la Garissa, na sababu ya soksi nitaisema mbele. Nikaomba niingie naye, nikaruhusiwa. Nikakaa sakafuni nikampa mgongo, nikaanza kuimba polepole, na Hodan akafanya kila kitu tik tik tik kama karani wa benki. Mwalimu Nafula alibaki na kalamu hewani.

"Mama, haya anayafanya nyumbani pia?"

"Kila siku."

"Na kulia? Anajigonga?"

"Hodan? Huyu ni mtoto mtulivu."

"Anaongea?"

"Sana," nikasema, na Mungu anisamehe, "ila anaongea na mimi tu."

Alhamisi tukaitwa wote darasani kusomewa majina. Nilikwenda mapema nikakaa mbele, nimefunga kilemba changu kizuri, na vile vipande vya mbao nilivibeba kwenye kikapu (kama mtu angetaka kuona jinsi mtoto alivyofaulu). Mwalimu Abdinoor akasoma. La kwanza, Yussuf wa Halima Dekow! Nikamgeukia Halima nikampa pongezi, huku moyoni nasema makubwa haya. Akasoma la pili, la tatu, akafika la kumi, akakunja karatasi. Hodan hakuna.

Hapo, ndugu zangu, mtu mwenye akili angeuliza kwa upole. Mimi nilisimama.

"Abdinoor! Hii karatasi imesomwa juu chini?"

"Eddo, tafadhali kaa, tutaongea."

"Sikai! Yule mtoto alitafuna mbao, nimemwona kwa macho yangu, na ndiye wa kwanza! Wangu alijenga mnara wa kumi, na hayumo! Ni nani amekula nini hapa? Na wewe, binti wa Nairobi, maziwa yangu umeyanywa, ukamaliza kibuyu, ndiyo malipo yake haya?" Nikapindua kikapu, mbao zikamwagika sakafuni kwa kishindo. "Oneni wenyewe! Hodan, waonyeshe!"

Mwalimu Nafula akasogea karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, ila chumba kilikuwa kimetulia, kila mtu alisikia: "Mama, samahani, huenda hatukueleza vizuri. Darasa hili ni la watoto walioshindwa. Anayefanya yote haya hana haja nalo."

Kilichofuata ni Halima. Alianza kucheka kutoka tumboni, akajipiga mapajani, akasema, "Abaayo, dada yangu, umemfundisha mpaka umemfukuza!" Na chumba kizima kikapasuka, Musyoka kule mlangoni anafuta machozi, naye ndiyo ameelewa sasa alikuwa anatengeneza nini.

Nikageuza maneno haraka kama dereva aliyekosea njia. "Basi hawezi! Andikeni hawezi! Yalikuwa mazoea tu, huyu hajui kitu!"

Lakini Hodan alikuwa ameshaziona mbao zake. Amechuchumaa, anajenga.

"Tatu!" mtu mmoja wa nyuma akahesabu. "Nne!"

"Hodan, acha. Acha, mama yangu, leo usijenge."

"Tano! Sita!"

"Tupa, Hodan! Tafuna!" Ndiyo, nilimwambia mjukuu wangu atafune mbao mbele ya walimu wawili. Yeye hakunisikia, aliweka cha saba, cha nane, polepole, sawasawa, anakirekebisha kwa kidole, na kilipokaa cha kumi watu wote wakapiga makofi na wanawake vigelegele, kwa mapenzi tu, si kwa ubaya.

Makofi yale yalimwingia kama mawe. Mnara ukaanguka, na yeye akaanguka nao, akatoa ile sauti, kisha kichwa sakafuni, mara moja, mara mbili, saruji tupu. Zeinab akamkimbilia akaumwa mkono. Kicheko kilikatika pale pale. Mimi sikufikiri, nilikaa chini na kilemba changu kizuri, nikampa mgongo, nikaingiza shela yangu chini ya kichwa chake, nikaanza wimbo wa kisimani. Niliimba sijui muda gani. Mwishowe nikasikia mgongo wake umeegemea wangu.

Nilipoinua macho, Mwalimu Nafula alikuwa amepiga magoti, haangalii uso wa Hodan, anaangalia mguu wake. Soksi ilikuwa imeteremka.

"Ayeeyo," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "hii alama ni ya nini?"

Ningeweza kusema ni mwiba. Lakini uongo wangu wa wiki nzima ulikuwa umelala pale sakafuni umetawanyika. Nikasema, na sikushusha sauti, maana walionisikia nikijisifu walikuwa na haki ya kunisikia na hili pia: "Ni kamba. Kamba ya ngamia. Tukienda sokoni nafunga mguu wake kwenye nguzo ya nyumba, kwa sababu siku moja tulimkuta ukingoni mwa mto Tana, maji yamemfika magotini, na mamba wako pale. Hajawahi kuongea na mimi. Hajawahi kuniita ayeeyo. Na asipopata darasa hili baba yake atampeleka porini, na huko kamba haitafunguliwa."

Zeinab alikuwa analia ndani ya shela yake. Na nilingoja watu wanong'one juu yangu, kwa sababu kitu kama hicho kwetu hakisemwi nje ya mlango wa nyumba.

Halima ndiye aliyesema. Hakucheka tena. "Yussuf ninamfunga kwa leso," akasema. "Kamba inamkata."

Mama mwingine nyuma, Amina Shalle, akasema yeye hufunga mlango kwa kufuli na ufunguo anauweka kifuani. Baba mmoja akasema kwao ni ndani ya zizi. Wakasema mmoja baada ya mwingine, wanatazama chini, na Mwalimu Nafula, ambaye aliandika kila kitu tangu afike, safari hii kalamu yake ilikuwa imelala mezani.

Halafu akaniambia: "Karatasi ya Hodan siwezi kuitumia. Siku ile sikumpima yeye, nilikupima wewe." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. "Jumamosi nitampima upya, kwa vitu ambavyo hujaviona. Na wewe, Ayeeyo, utakaa nje ya geti."

"Na dirisha?" akauliza Abdinoor.

"Dirisha tutalifunga," akasema.

Jumamosi nilikaa nje ya geti, Halima ameshika pindo la nguo yangu kwa amri ya Abdinoor, na Musyoka amekuja tena (sijui kazi zake alizifanya saa ngapi). Baada ya saa nzima Abdinoor akatoka mbio, mikono juu. "Eddo, ameanguka! Ameanguka karibu yote!" Nikaruka, nikapiga vigelegele, nikamkumbatia Halima, wapita njia wakasimama wakidhani kuna harusi. Musyoka akatikisa kichwa. "Mama, mimi nimesoma mpaka darasa la saba, sijawahi kuona shule watu wanashangilia hivi mtoto ameanguka."

Viti vya darasa vilikuwa kumi, kwa hiyo Musyoka akatengeneza cha kumi na moja. Na kila Jumanne, mpaka utafiti wake ulipokwisha, Mwalimu Nafula aliniita darasani niwaonyeshe walimu namna ya kumpa mtoto mgongo, mimi wa gumbaru, nimekaa sakafuni nafundisha watu wenye vyeti, naye anaandika pembeni. Kwa Yussuf haikufaa kabisa, alinipanda mabegani. Kwa wengine wawili ilifaa.

Ibrahim alikuja mwezi ulipoisha, kama alivyosema. Nilimpeleka nyuma ya darasa kwenye lile dirisha. Akachungulia kwa muda mrefu. Ndani Hodan alikuwa anawapangia wenzake vikombe vya uji, mstari mmoja, hakuna kilichotoka nje. Ibrahim akarudi Hadado peke yake, na kamba nikafungia mbuzi.

Tangu siku ile niliapa, na sijavunja: sitamfanyia mtu mtihani wake, na mtu akiniuliza mtoto wetu ana nini, nitasema alicho nacho, hata kama jirani amesimama hapo. Ningesema hivyo siku ya kwanza, kilemba changu kisingefagia sakafu ya shule.

Hodan sasa ni mwanamke mzima. Maneno anayo machache, anayatoa anapotaka, na sokoni mitungi yangu ya maziwa anaipanga yeye, mteja akigusa mmoja anajua mwenyewe. Nimeandika haya yote kwa kumbukumbu ya mzee, kwa hiyo kama nimekosea, kama yule baba wa zizi alisema boma, au kama Amina hakuwepo na alikuwa dada yake Maryan, nisahihisheni, sitakasirika. Halima atasema nililia pale getini; huyo msimsikilize. Hodan ameshanisahihisha. Aliponiona naandika alikwenda ndani akaleta zile mbao za Musyoka, akazipanga hapa mezani mbele ya karatasi yangu, moja juu ya nyingine. Nimesema tangu mwanzo ni kumi. Nimezihesabu mara mbili sasa hivi. Ni tisa.